Siku Kingo Zetu Zilipopigwa Flashi

Uvumi niliusikia bombani, nimeshika ndoo, na mpaka leo haujanitoka. Kwamba kule Flati za Amani, upande wa pili wa mji, ukingo wa roshani umekatika na mwanamke aliyekuwa anaanika nguo. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akasema hakuwa anaanika, alikuwa anaanua. Wa nyuma yangu akasema yote sawa, kamba ni ileile. Wakabishana habari za nguo mpaka zamu yangu ikafika, na hakuna aliyeuliza habari za mwanamke.

Jioni redio ya taifa ikakanusha. "Hakuna roshani iliyoanguka," ilisema. "Kuna roshani moja iliyoshuka kukagua msingi, na mama mmoja mzalendo aliyeisindikiza." Kisha wakapiga muziki. Majirani wakashusha pumzi, maana kwetu jambo likishakanushwa huwa limekwisha. Mimi nikaenda kusimama kwenye mlango wa roshani yangu, nikautazama ukingo wake. Ulikuwa na ufa mwembamba, na kutoka kwenye ufa kulikuwa na mchirizi wa rangi ya chai. Mwanangu Tunu alikuwa amekaa palepale juu ya ufa, anamsuka mdoli wake.

Nikamvuta ndani kwa ukosi wa gauni.

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Msukie humu ndani."

*

Nchi yetu ni Jamhuri ya Nchikavu. Jina hilo alilichagua Mwasisi katika mwaka wa ukame, na kesho yake mvua ikanyesha. Mvua ile ilihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Tangu hapo ipo sheria kwamba nyumba za serikali hazivuji. Kinachoweza kuvuja katika Nchikavu ni siri tu, na anayevujisha siri anajua anakopelekwa. Kwa hiyo mtu akienda kituoni kusema "nyumba yangu inavuja," askari huchukua kalamu na kumuuliza kwa upole: inavuja siri gani, na inamvujishia nani?

Basi tukajifunza kusema ukuta unatoka jasho. Jasho halina ubaya. Ukuta unaotoka jasho ni ukuta unaofanya kazi. Waziri wetu, Mheshimiwa Matimbwa, wa Wizara ya Majengo, Ukavu na Maadhimisho, aliwahi kupita kwenye Flati za Ushindi wa Kudumu, ndipo tunapokaa, akaweka kiganja kwenye ukuta wa ngazi, kikarudi kimelowa. Akakiinua juu watu wakione. "Mnaona?" alisema. "Wengine wanalala, kuta zetu zinalijenga taifa!" Tukapiga makofi. Na sisi viganja vyetu vilikuwa vimelowa, kwa hiyo makofi hayakutoa sauti nzuri.

Mtaniuliza, mbona hukuhama? Ndugu zangu, kuhama kunataka sababu, na sababu yangu ilikuwa imepigwa marufuku. Tena baba Tunu yuko migodini, huja sikukuu mpaka sikukuu. Nikabaki mimi, Tunu wa darasa la pili, na ukingo.

Ila sikuwa peke yangu kabisa. Nilikuwa na Mwajabu.

Mwajabu alikaa ghorofa ya pili, juu yangu hasa. Roshani yake kichwani kwangu, roshani yangu miguuni kwake, na kwa jinsi jengo lilivyojengwa ya kwangu imetokeza kidogo kuliko ya kwake, kama mdomo wa chini wa mtoto aliyenuna. Tuliolewa mwaka mmoja. Tunu nilimzaa kwenye ngazi za jengo hilohilo, kwa sababu siku hiyo lifti ilikuwa inazinduliwa na haikuruhusiwa kubeba mtu kabla ya hotuba kwisha. Aliyenishika mkono ni Mwajabu. Hotuba ilikuwa ndefu, akanishika mpaka mwisho. Mtu wa namna hiyo unamwita shoga, na ukimwita hivyo unakuwa umemaliza.

*

Siku moja Wizara ikatuletea injinia. Aliitwa Mwakitwange, kijana mwenye viatu vya vumbi, na nadhani alitumwa kwa makosa, maana alianza kwa kutazama jengo.

Alituita uani. Akasema, "Wazazi wangu, zege si jiwe. Zege linakunywa. Ukingo wa roshani ukiachwa wazi unakunywa kila mvua. Maji yanafika kwenye nondo ndani, nondo inaota kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Ule mchirizi mnaouona wa rangi ya chai ndiyo kutu inatoka. Dawa yake ni flashi."

Akachukua kipande cha bati jembamba akakikunja mbele yetu, juu ya goti. Upande mmoja, alisema, unaingia chini ya sakafu ya roshani. Upande wa pili unaufunika ukingo na kushuka, na mwisho wake unapindwa mdomo kwa nje, ili maji yadondoke mbali, yasirudi kulamba zege. Alimwagia maji ya kikombe. Maji yakateleza, yakaruka, yakaangukia mbali na mguu wake. Hata Tunu alielewa. "Ni kama kofia," alisema. Injinia akacheka, akasema ndiyo, kofia ya ukingo.

"Kwa hiyo kazi yenu," akawaambia wale maofisa aliokuja nao, "ni kwamba kingo zote zipigwe flashi kabla ya masika. Zote."

Maofisa wakatikisa vichwa kwa uchungu mkubwa, kama watu wanaopewa habari ya msiba wa jirani wa mbali. Wiki hiyohiyo Injinia Mwakitwange akapata nafasi ya masomo ya juu katika nchi ya baridi, akasomee ujenzi kwenye theluji. Tulimpigia makofi alipokuwa anaondoka. Yeye hakupiga.

Tukasema, lazima mtu wetu aende Wizarani kukumbusha, jambo lisilale. Tukamchagua Mwajabu. Mimi ndiye niliyelitaja jina lake, na mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza. Ana mdomo, ana viatu vizuri, na hana aibu mbele ya meza kubwa.

"Shoga, nenda ukawaambie habari ya Tunu," nilimwambia. "Waambie ukingo wangu una ufa."

"Tunu si wako peke yako," alinijibu. "Nitawaambia mpaka walie."

Akaenda, akarudi, akaenda tena. Aliporudi mara ya pili alikuwa na beji kifuani imeandikwa MJUMBE, na alikuwa ameanza kukohoa kabla ya kusema.

*

Haukupita muda Waziri akasema redioni. Nakumbuka maneno yake kwa sababu nilikuwa nimemnyamazisha kila mtu nyumbani, yaani Tunu na mdoli.

"Wananchi wakavu! Serikali hii sikivu, serikali yenye masikio hata usingizini, imesikia. Mmelilia flashi. Nasema: kila ukingo, narudia, kila ukingo utapigwa flashi. Na si flashi ya kizamani. Ni flashi ya kisasa kabisa!"

Jengo zima lilipiga kelele za furaha. Mwajabu akagonga sakafu yake kwa kisigino, nami nikaigonga dari yangu kwa mpini wa ufagio. Ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana.

Siku ya kupiga flashi tuliamka kufagia roshani. Tulitoa mitungi, masufuria, viti vibovu, kuku wa watu fulani nisiowataja. Asubuhi ilikuwa imenyunyiza kidogo, kingo zote zimelowa. Niliweka chai ya mafundi jikoni.

Likaja gari. Halikuwa na mabati juu. Akashuka mtu mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi, ana kamera shingoni, nyuma yake mwingine amebeba mwavuli mweupe usio wa mvua.

"Karibu, baba. Mafundi wako nyuma?" nilimuuliza.

"Fundi ni mimi, mama."

"Na bati?"

"Bati la nini?"

"La flashi."

Akaitazama kamera yake, akanitazama mimi. "Mama, flashi yangu ni ya betri."

Akapita ndani, akasimama kwenye mlango wa roshani yangu. "Sogea kidogo, unaziba ukingo." Pwaa! Mwanga. Akasogea kushoto. Pwaa! Tunu akajificha nyuma ya khanga yangu. "Tayari," alisema yule mtu. "Ukingo wako umepigwa flashi. Weka saini kwa kidole."

Jengo zima likawa pwaa, pwaa, pwaa, kama radi isiyo na sauti. Watu walitoka kwenye ngazi wanaulizana. Baba Pili wa chini alisema tusiwe wepesi wa kulaumu, mwanga wenyewe ni mkali, huenda unakausha. Mke wake akamwambia anyamaze, kisha akamuuliza fundi wa kamera kama wa upande wa nyuma nao watapigwa.

Ndipo Waziri mwenyewe akaingia, na maofisa, na Mwajabu kati yao, beji yake ikimetameta. Mimi ni mwoga wa watu wakubwa, lakini ule ufa nilikuwa nimelala nao kichwani usiku mwingi. Nikasema, "Mheshimiwa, samahani. Flashi tuliyoambiwa na injinia ni ya bati."

Waziri akanitazama, kisha akacheka. Maofisa wakacheka kwa kufuata vyeo, wa mwisho akaanza wakati wa kwanza ameshamaliza.

"Huyu mama ana vichekesho. Flashi ya bati! Kesho atataka kamera ya zege."

"Lakini injinia alisema zipigwe..."

"Na si zimepigwa?" Akageuka kwa fundi wa kamera. "Zimepigwa, hazikupigwa?"

"Zimepigwa, Mheshimiwa. Nyingine mara mbili."

Nikahisi khanga yangu inavutwa. Mwajabu. Akanipeleka pembeni, jikoni, karibu na birika, akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya zamani: "Nyamaza, shoga, utajiharibia. Hawa hawajaelewa neno. Wamesoma ng'ambo, lugha ya mafundi hawaijui. Wakisikia kupiga flashi, wao wanaona picha. Ni makosa ya maskini wa Mungu. Niachie mimi, nitawaeleza taratibu, wasione haya."

Nikamuamini. Tena niliwaonea huruma. Fikirieni: nilimuonea huruma Waziri, kwamba hajui neno ambalo Tunu wa darasa la pili analijua. Nikawamiminia ile chai.

Usiku redio ikatangaza kuwa kingo zote za Nchikavu zimepigwa flashi, asilimia mia moja na tatu, na hizo tatu ni za jirani zetu wa nchi nyingine, kwa ukarimu.

*

Baadaye likaja la zawadi.

Zile picha zilitundikwa ukumbini mjini, na ya ukingo wangu ikashinda. Kumbe zege lililolowa likipigwa mwanga linang'aa kama kioo, na langu lilikuwa limelowa kuliko yote. Nikaitwa jukwaani, nikavishwa utepe. "Roshani Inayong'aa Kuliko Zote!" alisema Waziri. "Mama huyu ni mfano wa usafi!" Ule ufa kwenye picha ulionekana kama mstari wa dhahabu.

"Nani alipeleka jina langu?" nilimuuliza Mwajabu tukirudi.

"Mimi. Nilitaka wakujue."

"Sasa nikienda kulalamika watanisikiliza?"

"Mshindi halalamiki, mama Tunu." Akacheka, akanishika begani. "Natania. Subiri. Bado nawaeleza."

Mama Tunu. Siku zote aliniita shoga. Nililiona lile neno likipita, nikaliacha lipite.

Muda si mrefu nikasikia nyundo juu. Ko, ko, ko, kwa Mwajabu, mchana kutwa. Nikapanda. Mlango ulifunguliwa kidogo tu, akatoa kichwa.

"Kuna nini, jirani?" nilimuuliza.

"Fundi ananifungia fimbo za pazia."

"Nyingi hivyo?"

"Madirisha yangu mabovu, unayajua."

Nikashuka, nikakaanga maandazi, nikampelekea yule fundi na chai, kwa sababu mgeni wa Mwajabu ni mgeni wangu. Alipokea mlangoni. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo midogomidogo. Nikadhani pazia za siku hizi zina vyuma vikali.

*

Masika yakaingia.

Mvua ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili nikaona ajabu: kila roshani ya jengo inadondosha matone, ya kwangu imepata maporomoko. Maji yalikuwa yanatoka juu kwa kamba moja nene, yanapiga kona ileile ya ukingo, penye ufa, pa, pa, pa, kama mtu anayepasua kuni. Mvua ikiisha, juu yangu kunaendelea kumwagika. Ule mchirizi wa chai ukawa wa kahawa. Nikaufunga mlango wa roshani kwa kamba, nikamwambia Tunu, huko usiende, hata mdoli akidondokea huko, muache, tutanunua mwingine.

"Na sare yangu ya shule?"

"Nitaanua mwenyewe."

Nilimgongea Mwajabu dari kwa ufagio. Hakujibu kwa kisigino.

Alasiri moja mvua ilikuja nzito, na ile kamba ya maji ikawa nene kama paja. Nikafungua mlango, nikainama nje, nikashika nguzo, nikageuza uso juu.

Nililiona. Bati jipya, jeupe, linang'aa, limeufunika ukingo wa Mwajabu wote kutoka ukuta mpaka ukuta. Limeingia vizuri chini ya sakafu yake. Limekunjwa vizuri. Ila badala ya mdomo wa nje walilipinda kama mfereji, maji yote yakusanyike yaende upande mmoja, na mwisho wa mfereji ukaachwa wazi, bila bomba, juu ya kona yangu.

Nikaufunga tena mlango kwa kamba, ngazi nilizipanda sikumbuki vipi. Nilipiga mlango kwa viganja. Akafungua.

"Kulikoni na kelele, mama Tunu?"

"Lile bati ni nini?"

"Lipi?"

"Mwajabu."

Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu kwenye ngazi. "Pambo," alisema.

"Lile ni flashi."

Nikatazama ndani. Nyumba yake ilikuwa kavu. Sijawahi kuona ukuta wa Ushindi wa Kudumu mkavu hivyo. Alikuwa ameutundikia hata kalenda ya karatasi.

"Uliniambia hawakuelewa neno," nilisema. "Uliniambia wanaona picha. Nikawaonea huruma!"

"Wee, mtu mzima unakuwa kama mtoto." Sasa alikuwa amekasirika, na hasira ile ilikuwa ya kweli. "Neno gani lisiloeleweka? Kila mtu anajua flashi ni nini. Waziri nyumba yake imezungushiwa pande zote, mpaka banda la mbwa. Waliniuliza, mjumbe, wewe unataka ya bati au ya picha? Ungenijibia nini? Ungesema ya picha?"

"Ningesema ya Tunu."

"Ya Tunu! Bati lilikuwa la ukingo mmoja. Mmoja! Ningelikata vipande, kila mtu apate cha kufungia sambusa?"

"Basi ungeniambia. Ungeniambia ningemtoa mtoto."

"Ningekuambia, ungevujisha."

Hilo ndilo alilonijibu. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Nilikuwa nageuka kushuka ngazi tuliposikia chini, upande wa nje, mshindo, kama gunia la saruji limetupwa. Baadaye kelele. Baadaye jina la mwanangu, anaitwa na Baba Pili.

Tunu alikuwa ameona sare yake inapigwa na maji ya juu. Kesho yake ilikuwa shule. Alifungua ile kamba, akatoka kuanua.

*

Tunu yu hai. Nasema mapema ili msomaji mwenye mtoto apumue. Ukingo ulikatika kwenye ufa, wote wa kona, akateremka nao, na chini kulikuwa na kichaka cha mikaratusi michanga iliyopandwa siku ya zawadi yangu. Mkono umeunga. Mguu wa kulia umeunga pia, ila haukunjiki. Daktari anasema utabaki hivyo. Akikaa darasani mguu unatokeza njiani na watoto wanauruka.

Hospitalini, Wizara ilikuja kumpa pole. Walileta machungwa na yule fundi wa kamera. Alipoinua kamera Tunu akaficha uso kwa mkono mzima, akasema, "Mama, wasinipige flashi." Wauguzi wakacheka, wakadhani ana haya.

Ikaundwa tume. Iliitwa Tume ya Kuchunguza Kama Kulikuwa na Tukio. Ilikaa ukumbini chini ya picha ya ukingo wangu, ile yenye utepe. Mwenyekiti wa tume aliitazama picha kwa muda mrefu, akaigonga kwa fimbo.

"Ukingo huu ni mzima," alisema. "Mama, unakubali ni wako?"

"Ni wangu."

"Ni mzima, sio mzima?"

"Kwenye picha ni mzima."

"Basi andikeni: ni mzima. Ulioanguka utakuwa wa mtu mwingine."

Akaitwa shahidi, Mjumbe Mwajabu. Alivaa kiatu cha kisigino. Aliapa. Akasema alimwonya mwenzake mara nyingi asianike nguo nzito. Akasema anasikitika sana kwa sababu Tunu ni kama mwanawe, na hapo sauti yake ikakatika, na nadhani ilikatika kweli. Mwenyekiti akanigeukia, akasema sheria inaniruhusu kumuuliza shahidi swali moja, fupi.

Nilikuwa na mengi. Ile mikono ya kwenye ngazi siku ya lifti. Maandazi. Kuitwa mama Tunu. Nikachagua moja.

"Mwajabu, flashi ni nini?"

Alinitazama. Alijua ninachomwomba, na nilijua kwamba anajua. Waziri alikuwa safu ya mbele, amekunja mikono. Mwajabu akakohoa.

"Flashi," alisema, "ni mwanga."

Tume ikaandika.

*

Kwa hiyo nimekaa kuandika haya, kwa ajili ya kina mama mnaopewa flati mpya. Sijui kuyaandika kwa lugha ya Wizara. Epukeni haya:

Ufa wa ukingoni unaotoa mchirizi wa rangi ya chai. Usiusubiri ufike kahawa.

Kupaka chokaa juu ya ufa huo.

Kufunga kamba ya nguo roshani. Anikeni ndani, nyumba inuke.

Kufunga mlango wa roshani kwa kamba. Mtoto anaifungua. Wekeni kufuli.

Roshani iliyo chini ya mfereji usio na bomba.

Kusema "wataalamu hawajaelewa" kabla hamjaenda kutazama kingo za nyumba zao.

Kumtuma mtu mmoja akawasemee. Nendeni wengi, na msikilizane wote mkiwa mlemle ndani.

Kupokea zawadi kwa kitu mlichokilalamikia.

Kumpelekea fundi chai bila kumuuliza anapiga nini.

Mwajabu. Siku hizi amepewa Flati za Neema Mpya, ghorofa ya juu kabisa. Ukipangiwa chini yake, usihamie.